Kukishika Kitu Kilichofunikwa: Mwongozo Kamili wa Vitu Vinavyopandana kwenye Slaidi

Picha nne zimewekwa mahali pamoja katikati ya slaidi, moja juu ya nyingine. Kila unapobofya wakati wa onyesho, moja inatoka na nyingine inaingia. Mpango ni mzuri, mpaka ugundue kwamba picha ya pili ina kosa. Unaibofya, unashika ya nne. Unaisogeza ya nne pembeni, unashika ya tatu. Unaisogeza nayo, unaifikia ya pili, unairekebisha, kisha unaanza kuzirudisha zote. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu hazirudi palepale. Zinapishana kwa milimita moja au mbili, na onyesho likianza picha zinarukaruka mbele ya watu.

Shida hii haitokani na mkono mzito wala kipanya kibovu. Inatokana na kutaka kumalizia kila jambo juu ya slaidi yenyewe, ilhali programu za kutengeneza slaidi zinakupa njia ya kukifikia kitu cha chini bila kugusa kilicho juu yake. Nitafuata PowerPoint ya Windows kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi, na pale LibreOffice Impress, Google Slides au Keynote zinapokwenda tofauti nitasema. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili uyapate kwa urahisi.

Mrundikano unavyopangwa

Kila kitu unachokiweka kwenye slaidi kinakaa juu ya vyote vilivyotangulia. Hata vitu viwili visivyogusana vina wa juu na wa chini. Hakuna viwili vilivyo ngazi moja. Mpangilio huu huuoni mpaka vitu vipandane, lakini upo tangu ulipochora umbo la kwanza.

Unapobofya, programu inakupa kitu cha juu kabisa kilicho chini ya mshale wa kipanya. Kanuni hiyo ni nyepesi, ila ina mambo mawili ambayo yanawasumbua watu kila siku.

La kwanza ni umbo lisilo na rangi ya ndani. Ukilipa No Fill, ndani yake panakuwa tupu kweli: mbofyo unapita hadi kwenye kitu cha chini, na umbo lenyewe utalipata kwa kubofya mstari wake wa pembeni tu. Lakini ukilijaza rangi, kisha ukaipa rangi hiyo uwazi wa asilimia 100, kwa macho litaonekana vilevile, na mbofyo hautapita. Niliwahi kupokea faili ambayo slaidi moja ilikuwa haishikiki kitu chochote. Kila nilipobofya, vishikio, yaani vile vidoti vinavyozunguka kitu kilichochaguliwa, vilitokea kwenye kingo za slaidi nzima. Kumbe kulikuwa na mstatili wa uwazi kamili uliofunika slaidi yote, umewekwa pale uwe kitufe cha kwenda ukurasa mwingine. Hakuna aliyeweza kuuona, na kila mtu aliugusa.

La pili ni maandishi. Ukibofya ndani ya kisanduku cha maandishi unaingia kwenye kuandika, na vitufe vya mishale vinasogeza kishale badala ya kisanduku. Bonyeza Esc mara moja: unatoka kwenye kuandika na kisanduku chenyewe kinabaki kimechaguliwa. Kitufe cha F2 nacho kinakuvusha kati ya hali hizo mbili. Esc ni kitufe kidogo, lakini kwangu nusu ya kazi ya kuchagua vitu inaanzia hapo.

Tab: njia ya haraka ukiwa na vitu vichache

Bofya kitu chochote kwenye slaidi. Kama kishale cha kuandika kinapepesa, bonyeza Esc. Sasa bonyeza Tab. Uchaguzi unahamia kitu kinachofuata, kutoka cha chini kuelekea cha juu, na ukifika mwisho unaanza upya. Shift+Tab inarudi nyuma. Vishikio vya kitu kilichochaguliwa vinaonekana hata kama kitu chenyewe kimefunikwa kabisa, kwa hiyo angalia vishikio, usiangalie picha.

Kwa picha zetu nne zilizo mahali pamoja na ukubwa mmoja, vishikio vitakuwa palepale kila unapobonyeza, na hutajua uko kwenye ipi. Tab inafaa vitu vinapopandana kwa sehemu, au vikiwa na ukubwa tofauti. Vikilingana kabisa, nenda kwenye orodha.

Google Slides pia inatembea kwa Tab. Impress ina Tab na ina njia nyingine ninayoipenda zaidi: shikilia Alt ukibofya, nayo inachagua kitu kilicho chini ya kile ulichokishika. Bofya tena ukiwa umeshikilia Alt, unashuka ngazi nyingine. Alt pamoja na Shift inakupandisha. Kwenye baadhi ya kompyuta za Linux, Alt imeshachukuliwa na mfumo kwa ajili ya kusogeza madirisha. Ukiona dirisha zima linahama unapojaribu, tumia Tab.

Orodha ya vitu

Hapa ndipo pa kukaa. Tangu PowerPoint ya 2007, kuna kidirisha kinachoitwa Selection Pane, na naamini ndicho chombo kinachotumika kidogo kuliko manufaa yake yote. Kifungue kwa Alt+F10, au nenda Home, kisha Arrange, kisha Selection Pane. Kinajitokeza upande wa kulia kikiwa na orodha ya kila kitu kilicho kwenye slaidi. Kilicho juu kwenye orodha ndicho kilicho mbele kwenye slaidi, na kilicho chini kabisa ndicho kilicho nyuma.

Ukibofya jina, kitu kinachaguliwa, hata kama kimefunikwa na vingine kumi. Tatizo la picha ya pili limekwisha kwa mbofyo mmoja.

Ila majina yenyewe mwanzoni hayasaidii: Picture 7, Rectangle 12, TextBox 31. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, yabadilishe. Bofya jina mara mbili, andika jipya, bonyeza Enter. Usipojua Picture 7 ni ipi, bofya jicho lililo kando yake. Kitu kinafichika, unaona kilichotoweka, unabofya tena kukirudisha.

Jina zuri linasema kitu ni nini na kinafanya kazi gani. Mimi huandika hivi: picha_1_mbegu, picha_2_chipukizi, picha_3_mche, picha_4_mti. Namba inaniambia mfuatano wa kutokea, neno linaniambia ni ipi. Vya nyuma visivyosogea huviita nyuma_anga, nyuma_ardhi. Inachukua dakika mbili kwa slaidi yenye vitu kumi. Dakika hizo zinarudi mara tu unapofungua Animation Pane, kidirisha cha kupangia animesheni, kwa sababu majina hayohayo ndiyo yanayoonekana kule. Badala ya kusoma mstari wa Picture 7, Picture 9, Picture 7, Picture 12, unasoma hadithi ya slaidi yako kwa maneno.

Ndani ya kidirisha hiki unaweza pia kupandisha na kushusha vitu: shika jina, liburute juu au chini. Nimeona watu wakibofya Send Backward, amri ya kushusha kitu ngazi moja, mara tisa wakihesabu, ilhali kuburuta jina mara moja kunatosha.

Jicho linastahili maelezo zaidi. Ukificha kitu, hakionekani, hakishikiki, na mbofyo unapita hadi chini. Hilo ndilo linalolifanya jicho kuwa ufunguo wa kazi nyingi: ficha picha_3 na picha_4, fanya kazi kwenye picha_2 kwa raha kana kwamba iko peke yake, kisha zirudishe. Hazijasogea hata kidogo, kwa sababu hujazigusa. Lakini kitu kilichofichwa hakionekani hata wakati wa onyesho. Ukimaliza, bofya Show All kabla ya kuhifadhi faili. Kama kuna kitu unakiacha kimefichwa kwa makusudi, lianze jina lake kwa neno kama fichwa_, ili mwenzako atakayefungua faili hiyo asikifufue bila kujua.

Matoleo mapya ya Microsoft 365 yana pia kufuli kando ya kila jina. Lielewe vizuri: kufuli inazuia kitu kisisogezwe, lakini bado mbofyo wako utakishika. Kwa hiyo kufuli ni ya kulinda, jicho ni la kupisha. Picha kubwa ya nyuma ifunge kwa kufuli mara tu ukishaiweka mahali pake, maana ndiyo inayoburutwa kwa bahati mbaya kuliko zote.

Kwenye Keynote, orodha kama hii inaitwa Object List, na inafunguliwa kutoka menyu ya View. Kwenye Impress ni Navigator, unaifungua kwa Ctrl+Shift+F5, na kwa kuwa inategemea majina uliyotoa, bofya kitu kwa kitufe cha kulia na ukipe jina kwanza. PowerPoint ya Mac ina Selection Pane, na zaidi ya hiyo ina kitu cha kupendeza ndani ya Arrange, kinachozitandaza ngazi zote kama kadi zilizosimama moja nyuma ya nyingine, nawe unaburuta kadi mbele au nyuma.

Kuchagua vingi kwa pamoja

Njia ya kuburuta mstatili kuzunguka vitu inafanya kazi kwa masharti: kwenye PowerPoint ya Windows, kitu kinachaguliwa tu kama kimezungukwa chote. Kipande kikibaki nje, kimeachwa. Watu huliona hili kama kasoro, nami naliona kama msaada mkubwa. Ukiwa na picha kubwa ya nyuma na vitu vidogo juu yake, anza kuburuta kutoka nje ya slaidi, pale kwenye eneo la kijivu, uzunguke vidogo tu. Picha kubwa haitazungukwa yote, kwa hiyo haitachukuliwa. Ukianzia ndani ya slaidi, juu ya picha, utaiburuta picha yenyewe.

Kwenye orodha, shikilia Ctrl ukibofya majina unayoyataka. Na kama unataka karibu vyote, bonyeza Ctrl+A, kisha shikilia Shift ubofye vile usivyovitaka ili vitoke.

Kusogeza bila kuvuruga

Umeshakichagua kitu cha chini. Sasa usikimbilie kukiburuta kutoka katikati, maana pale katikati kuna kitu kingine juu yake, na kipanya huweza kukishika hicho. Tumia vitufe vya mishale. Kila bonyezo ni hatua moja. Ukishikilia Ctrl, hatua inakuwa ndogo sana, inayofaa kulinganisha kingo. Google Slides inafanya hivyo kwa Shift pamoja na mshale, ambapo hatua ni pikseli moja.

Ukilazimika kuburuta, shikilia Shift ili kitu kisogee kwa mstari mnyoofu tu, ama wima ama mlalo. Kitu kikivutwa kwa nguvu kuelekea kwenye mstari wa gridi usioutaka, shikilia Alt wakati wa kuburuta na mvuto huo unazimika kwa muda.

Lakini pale usahihi unapohitajika kweli, achana na macho na utumie namba. Bofya kitu kwa kitufe cha kulia, chagua Format Shape au Format Picture, nenda sehemu ya Size & Properties, fungua Position. Hapo kuna umbali kutoka kushoto na umbali kutoka juu. Picha zetu nne zitalingana bila shaka yoyote zikiwa na namba zilezile. Andika namba za picha ya kwanza kwenye karatasi, uzipe na nyingine tatu. Kama vipimo vyao vinatofautiana na unataka vitovu vyao vikutane, zichague zote kwenye orodha, kisha Arrange, Align, halafu Align Center na Align Middle. Hakikisha kwanza kwamba Align Selected Objects ndiyo iliyowekewa alama, si Align to Slide, la sivyo zitahamia katikati ya slaidi.

Na kabla ya kusogeza chochote, jiulize kama kweli unahitaji kusogeza. Picha ya pili ina kosa, unataka kuweka iliyo sahihi. Ichague kwenye orodha, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Change Picture, chagua faili mpya. Picha mpya inakaa mahali pa ile ya zamani na kurithi animesheni zake zote. Angalia tu ukubwa, maana picha yenye umbo tofauti inaweza kubadilisha upana au urefu. Watu wengi wanafuta picha, wanaweka nyingine, wanapoteza animesheni, wanaanza upya kuzipanga. Hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Vitu vyenye njia ya mwendo

Kitu kilichopewa njia ya mwendo kina mambo mawili ya kushika: kitu chenyewe, na mstari wa nukta unaoonyesha kinapopita. Mwanzo wa njia una alama ya kijani, mwisho una nyekundu. Slaidi ikiwa na njia nyingi zinazokatana, fungua Animation Pane na ubofye tukio unalolitaka. Njia yake inajitokeza wazi kuliko nyingine, nawe unaweza kuishika.

Kuna swali moja la kujibu mapema: ukikisogeza kitu, njia ifuatane nacho au ibaki? Chagua njia, nenda Effect Options, tazama Unlocked na Locked. Ikiwa Unlocked, njia inahama pamoja na kitu. Ikiwa Locked, njia inabaki palepale kwenye slaidi. Kama njia yako imechorwa kufuata barabara au mto ulio kwenye picha ya nyuma, iweke Locked kabla ya kugusa chochote.

Mfano wa karibu: mwezi unaozunguka dunia

Huu ndio mtihani wa kweli wa vitu vinavyopandana, kwa sababu animesheni haibadilishi mrundikano. Kitu kilicho mbele kinapita mbele mwanzo hadi mwisho. Mwezi hauwezi kupita mbele ya dunia kisha ukapita nyuma yake ukiwa kitu kimoja. Inabidi iwe miezi miwili inayopokezana.

Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina sentimita 33.867 kwa 19.05. Tutatumia vipimo hivyo.

1. Chora duara lenye kipenyo cha sentimita 6. Liite dunia. Kwenye Position lipe sentimita 13.93 kutoka kushoto na 6.53 kutoka juu. Hapo liko katikati.
2. Chora duara la sentimita 1.5, liite mwezi_mbele. Liweke sentimita 5 kutoka kushoto na 8.78 kutoka juu.
3. Lichague, bonyeza Ctrl+D kupata nakala. Iite mwezi_nyuma, na uiweke sentimita 27.37 kutoka kushoto na 8.78 kutoka juu. Sasa miezi miwili iko pande zote mbili za dunia kwa umbali sawa.
4. Kwenye Selection Pane, buruta mwezi_nyuma chini ya dunia, na uhakikishe mwezi_mbele uko juu ya dunia.
5. Chagua mwezi_mbele. Kwenye Animations chagua Custom Path, uchore tao linaloanzia kwenye mwezi, linapita mbele ya dunia kwa chini kidogo ya katikati, na kuishia upande wa kulia. Bofya mara mbili kumaliza.
6. Bofya njia hiyo. PowerPoint inaonyesha kivuli cha mwezi pale utakapofika. Shika alama nyekundu ya mwisho uisogeze mpaka kivuli kifunike mwezi_nyuma barabara. Kuza mwonekano wa slaidi ili uone vizuri. Hapa ndipo penye thamani ya subira.
7. Mpe mwezi_nyuma animesheni ya Appear. Kisha bofya Add Animation, umpe Custom Path inayorudi kushoto kwa tao la juu kidogo ya katikati, na mwisho wake uufunike mwezi_mbele ulipoanzia. Usichague kutoka kwenye orodha ya kawaida badala ya Add Animation, maana utafuta Appear uliyoiweka.
8. Ongeza kwa mwezi_mbele, tena kwa Add Animation, tukio la Disappear.
9. Kwenye Animation Pane panga mfuatano huu: njia ya mwezi_mbele kwa On Click (unapobofya), Disappear ya mwezi_mbele kwa After Previous (baada ya tukio lililotangulia), Appear ya mwezi_nyuma kwa With Previous (pamoja na lililotangulia), njia ya mwezi_nyuma kwa With Previous. Kila njia ipe sekunde 2.
10. Kwenye Animation Pane hiyohiyo, bofya kila njia kwa kitufe cha kulia, fungua Effect Options na uweke Smooth start na Smooth end kuwa 0. Usipofanya hivyo mwezi utapunguza mwendo kila unapofika upande, na mpokezano utaonekana.

Bonyeza Shift+F5 kuanza onyesho kutoka slaidi hii. Mwezi unapita mbele, unapinda, unapotelea nyuma ya dunia, unatokea upande wa pili. Ukitaka uzunguke tena, nakili slaidi nzima, na kwenye slaidi ya pili badilisha tukio la kwanza liwe After Previous. Kwenye Transitions ya slaidi ya kwanza weka alama kwenye After uache sekunde 0. Slaidi ya kwanza ikimaliza matukio yake, ya pili inaendelea.

Sasa fikiria umekosea ukubwa wa dunia baada ya kumaliza yote haya. Bila majina ungekuwa unabofya kati ya maduara matatu na matao mawili. Ukiwa nayo, unabofya dunia kwenye orodha, unabadilisha kipimo, basi.

Kuunganisha vitu, na hatari yake

Ctrl+G inaunganisha vitu kuwa kundi moja linalosogea pamoja. Fanya hivyo kabla ya kuweka animesheni. Ukiunganisha vitu ambavyo tayari vina animesheni, animesheni hizo zinapotea, na ukilivunja kundi lenye animesheni, nayo inapotea. Hili limewagharimu watu saa nyingi za kazi. Ukiona zimetoweka, bonyeza Ctrl+Z hapohapo. Na kabla ya kujaribu, nakili slaidi nzima. Nakala hiyo pia itakuruhusu kuchukua animesheni za zamani kwa Animation Painter na kuzipaka kwenye kitu kipya.

Jambo lingine: vitu vya kundi moja vinakaa pamoja kwenye mrundikano. Kama kulikuwa na kitu katikati yao, chenye mwenzake mmoja juu na mwingine chini, baada ya kuunganisha kitajikuta nje ya hao wawili. Angalia orodha mara tu baada ya Ctrl+G.

Kukishika kitu kimoja ndani ya kundi hakuhitaji kulivunja. Bofya kundi, kisha bofya kitu chenyewe mara ya pili, au lifungue kundi kwenye Selection Pane na ubofye jina la kilichomo.

Kundi lina matumizi mazuri mahali pamoja ambapo wengi hukwama: mshale wa saa. Animesheni ya Spin inazungusha kitu kwenye kitovu chake, kwa hiyo mshale unazunguka kama feni badala ya kuzunguka kwenye ncha yake. Chora mshale umesimama, unakili, ugeuze nakala kwa Flip Vertical, uiweke chini ya wa kwanza ncha zao zikikutana. Iondolee nakala rangi ya ndani na mstari. Unganisha viwili hivyo, lipe kundi Spin. Kitovu cha kundi sasa kiko pale ncha zinapokutana, na mshale unazunguka inavyopaswa. Tumia No Fill, usitumie uwazi wa asilimia 100, ili nakala isiyoonekana isiwe inadaka mibofyo yako.

Majina kwenye mpito wa Morph

Kama toleo lako lina Morph, majina yanapata kazi ya ziada. Morph inalinganisha vitu vya slaidi mbili na kuvisogeza kutoka vilipokuwa hadi vilipo sasa. Vitu vinavyofanana vikiwa vingi na vimepandana, huweza kuoanisha visivyo vyake, na maduara yanapishana ovyo. Lazimisha uoanishaji: kwenye Selection Pane ya kila slaidi, kipe kitu jina lilelile likianza na alama mbili za mshangao, kwa mfano !!mwezi. Vyenye jina hilo vitaoanishwa hata kama kimoja ni duara na kingine ni mraba.

Kitu kisichoshikika kabisa

Unabofya, unabonyeza Tab, unazungushia mstatili, hakuna kinachoshikika. Fungua Selection Pane kwanza. Kama kitu hakimo kwenye orodha, basi hakiko kwenye slaidi hiyo: kiko kwenye muundo wa msingi. Nenda View, kisha Slide Master. Unaposafiri kwenye orodha ya kushoto, anza na muundo unaotumiwa na slaidi yako, halafu uangalie ule mkuu wa juu kabisa. Kikiwa huko, kumbuka kwamba ukikigusa kinabadilika kwenye kila slaidi inayotumia muundo huo. Kama unataka kukiondoa kwenye slaidi moja tu, rudi kwenye mwonekano wa kawaida, fungua Format Background, uweke alama kwenye Hide background graphics.

Picha ikiwa imewekwa kama mandharinyuma ya slaidi, nayo haimo kwenye orodha, na utaikuta hapohapo kwenye Format Background.

Kitu kikiwa kwenye orodha lakini hukioni hata ukikichagua, tazama kama jicho lake limefungwa. Kama liko wazi, punguza ukubwa wa mwonekano hadi slaidi iwe ndogo katikati ya skrini: huenda kitu kimehamia nje ya slaidi, mbali kwenye eneo la kijivu. Kichague kwa jina, fungua Position, uandike 0 kwenye nafasi zote mbili. Kitarudi kwenye pembe ya juu kushoto, na kutoka hapo unaweza kukipeleka unapotaka.